Mwokaji na Mshale wa Njia Panda

Firmin Bouyssou aliacha kuoka mikate alipotimiza miaka sitini na minne, na tangu siku hiyo akapata nafasi ya kuona wivu. Kabla ya hapo hakuwa nayo. Mtu anayeamka wenzake wakigeukia upande wa pili kitandani, akakanda unga, akachochea tanuri, akatoa mikate ya kwanza jogoo hajawika, atapata wapi muda wa kumchungulia jirani? Akimaliza kazi anataka kitu kimoja kati ya viwili, usingizi au baiskeli. Firmin alitaka baiskeli.

Hapa Brassagnac, kwenye nyanda za mawe za Quercy, kusini mwa Ufaransa, kila mtu alimjua hivyo. Kengele ya mchana ikilia tu, aproni inatundikwa msumarini na yeye anatoka mbio, nyusi bado zina unga. Mkewe Solange alibaki dukani akiuza. Wateja wakimuuliza mzee yuko wapi, alikuwa na jibu moja: "Kamuulize upepo." Kisha anafunga mkate kwenye karatasi na kuita anayefuata. Maisha ya ndoa yao yalikwenda hivyo, mmoja barabarani na mwingine nyuma ya kaunta, na Firmin hakuona kasoro yoyote.

Njia zake zilikuwa zile nyeupe, za changarawe na chokaa, zinazopita kati ya kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Walizipita mahujaji wakienda kwenye kaburi la Mtakatifu Yakobo kule Hispania, wakazipita askari wa Kiingereza wakija kuchoma ghala zetu, wakazipita nyumbu wenye mizigo ya divai na chumvi. Kuna mnara wa Watempla, wale watawa wapiganaji wa kale, kuna birika la mawe la kufulia nguo, kuna minara ya njiwa, kuna vikanisa visivyo na paa. Firmin alivipita vyote, kichwa chini na jicho kwenye saa ya mkononi. Njia alizijua kwa miguu yake: hapa gia ndogo, hapa simama juu ya pedali, hapa achia breki na umwombe Mungu. Aliunda klabu, akaiita Gurudumu la Brassagnac, akawa mwenyekiti mpaka klabu ikabaki yeye na wazee watatu waliokuja kwa ajili ya chakula cha mwaka tu.

Halafu akaja Thibaud.

Alitoka Lyon, akanunua kinu cha zamani kule chini kwenye kijito. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, hana mke, ana ndevu za nabii na kazi ya kuchora kwenye kompyuta vitu ambavyo hakuna aliyewahi kuviona. Alikuja na baiskeli ya tairi nene, akaanza kuzunguka. Mwaka haujaisha, alikuwa ameziunganisha njia zetu nyeupe, akaziingiza kwenye simu, akazipa jina, na watu wakaanza kumiminika. Walikuja wa Toulouse, wakaja Wabelgiji, wakaja Waholanzi wenye miguu mirefu kama korongo. Wote walitaka kuendesha kwenye changarawe ya Brassagnac na kupigwa picha mbele ya mnara.

"Baiskeli za changarawe!" Firmin alifoka siku moja pale baa. "Kwani mimi nilikuwa naendesha juu ya nini? Juu ya zulia?"

"Wewe uliendesha, mwokaji," alimjibu Norbert Vayssières, mkuu wa wawindaji wa kijiji, mtu wa tumbo kubwa na sauti kubwa zaidi. "Lakini ulipita mbio mno, hata njia yenyewe haikukuona."

Baa nzima ilicheka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli wenyeji walipona. Baa ilijaa tena, mama wa jibini la mbuzi akaajiri mtu wa kumsaidia, hata padri alikubali kufungua kanisa siku za kazi. Firmin peke yake ndiye aliyeugua.

Na ugonjwa wenyewe ulikuwa bado mwepesi. Ulizidi jioni moja ya mwezi wa nne, mezani, Firmin akiwa amemaliza supu na kumimina divai nyekundu kwenye mchuzi uliobaki bakulini, kama alivyofanya baba yake, tayari kuinua bakuli na kunywa.

"Nimenunua baiskeli," Solange alisema.

"Ya nani?"

"Yangu."

"Ya kwenda nayo wapi?"

"Huko ulikokuwa ukienda."

Firmin aliweka bakuli chini. "Ina betri?"

"Ina betri."

"Basi hiyo si baiskeli. Hiyo ni pikipiki yenye haya."

"Na mimi nina magoti, mzee wangu. Magoti ya kusimama dukani kwako. Betri ni yao."

Firmin alicheka, kwa sababu alidhani ni mzaha. "Haya. Utakapochoka pale kwenye kilima cha kwanza, usinipigie simu."

"Wala sitakupigia wewe," Solange alisema huku akikusanya sahani. "Naenda na kundi la Thibaud. Kila Alhamisi."

Alhamisi ya kwanza alirudi jua likiwa linashuka, mashavu mekundu, nywele zimeshikamana na jasho, jani la mwaloni limenasa kwenye kola. Firmin hakuwa amemwona hivyo tangu sijui lini. Angefurahi, kama sura ile angeisababisha yeye.

"Mzee, ulijua mnara wa Watempla una ngazi ndani ya ukuta?"

"Mnara naujua."

"Nimekuuliza ngazi."

Hakuijua. Amepita mbele ya mnara ule maisha yake yote na hakuwahi kuweka mguu chini. Tangu hapo kila Alhamisi ilileta somo lake. Thibaud anasema birika la kufulia lina jiwe lenye alama za magoti ya wanawake. Thibaud anasema ule ukuta mrefu ulijengwa na wafungwa. Thibaud anasema, Thibaud anasema. Jina hilo liliingia kwenye kila chakula kama chumvi, na Firmin akawa hawezi kumeza tonge bila kulionja.

Wivu ni kitu cha ajabu. Firmin aliujua unga: ukitia hamira, hata ukiufunika kitambaa na kuuweka kona ya giza, utaumuka tu. Ndivyo ulivyomfanya. Alijiambia Solange ana miaka sitini na miwili, ana wajukuu, ana magoti mabovu. Alijiambia Thibaud ni mtu mwema na kila mtu anasema hivyo. Kila alichojiambia kiliufanya uumuke zaidi, hasa hicho cha wema.

Siku moja ya mwezi wa sita alikwenda kupogoa mti wake wa jozi ulio karibu na birika la kufulia. Hakika alikwenda kwa sababu ilikuwa Alhamisi. Kundi lilikuwa limepumzika pale, watu kumi hivi, wanakula tini kavu na kujimwagia maji. Solange alikaa ukingoni mwa birika, amenyoosha mguu. Thibaud amepiga goti mbele yake, ameshika kisigino chake mkononi, anamtoa mwiba. Wengine wote walikuwepo, wanatania, wanashauri. Firmin hakuwaona. Aliona wawili tu, na alimsikia mkewe akicheka kicheko ambacho dukani hakikuwahi kutoka.

Alirudi nyumbani, akatoa unga, akakanda mkate ambao hakuna aliyeuhitaji. Aliupiga mezani mpaka paka akahama nyumba. Tangu siku hiyo akaacha kwenda baa, kwa sababu baa walimsifu Thibaud, na baiskeli yake akaitundika bandani, kwa sababu hakutaka kukutana nao njiani. Kijiji kikaendelea na mambo yake, naye akawa hajui hata lile linalojulikana na kuku.

Basi ikaja Jumapili ya mwezi wa tisa, siku kubwa ya mbio za taratibu alizoziandaa Thibaud. Si za kushindana. Watu wanafuata mishale, wanasimama kula, wanaangalia mawe ya kale, wanarudi. Siku mbili kabla, Thibaud mwenyewe alikuja mlangoni, kofia ngumu mkononi.

"Habari za asubuhi, Bwana Bouyssou. Nimekuja na ombi."

"Sema."

"Uongoze kundi la mbele. Mimi nitakaa nyuma na wale wa polepole, nisiwaache. Huko mbele anatakiwa mtu anayezijua njia, na hakuna anayezijua kama wewe."

Wale wa polepole. Firmin alijua vizuri ni nani aliye wa polepole kuliko wote, mwenye betri na magoti. "Si una simu? Simu inazijua."

"Simu haijui mahali pa kusimama."

"Hata mimi sikuwahi kusimama," Firmin alisema, na alilisema kwa majivuno. Solange alikuwa jikoni anamenya viazi. Kisu kilinyamaza kidogo, kikaendelea.

"Tena hiyo siku uliyoichagua!" Firmin aliongeza. "Ufunguzi wa msimu wa uwindaji! Klabu yangu isingethubutu. Mgeni hujui."

"Nimeshazungumza na Norbert, tumepanga njia pamoja. Hakuna shida."

Laiti angeuliza ni njia ipi, na kwa nini hiyo. Hakuuliza. Mtu mwenye donge moyoni hataki habari, anataka sababu. Alisema ana kazi bustanini, akafunga mlango.

Jumapili aliamka bila kuamshwa, kama walivyo waokaji hata wakistaafu, na akatoka wakati kunapambazuka. Alikwenda kwa miguu mpaka njia panda yenye msalaba wa mawe. Pale kulikuwa na mshale wa mbao wa rangi ya waridi, umepigiliwa kwenye kijiti, unaelekeza kushoto, bondeni. Upande wa kulia inapanda Njia ya Nyumbu, ya kwenda msitu wa Combe-Noire, ambayo haijapitika miaka mingi. Michongoma imeziba, mawe yamebomoka, na miiba yake hutoboa hata kiatu.

Hakutaka mtu aumie, hilo aliapa hata pale pale. Alichotaka ni pancha. Alitaka umati wa watu wenye suruali za kubana ukwame vichakani, wabebe baiskeli zao begani, waulize kwa hasira ni nani aliyeweka mishale. Huku kwetu mshale ni amri. Simu iseme inavyotaka, watu watafuata mbao. Na Solange angerudi na mikwaruzo mikononi, avue kofia, aseme: mjinga yule. Maneno mawili tu, mjinga yule, na Firmin angechukua pamba na dawa, ampake taratibu, mwiba kwa mwiba. Yeye, si mwingine.

Akashika kijiti, akakizungusha. Mshale ukaelekea kulia.

Kufikia katikati ya asubuhi alikuwa jikoni na ndara zake za sufu miguuni, bakuli la kahawa mbele yake, anangoja. Waendeshaji walikwishapita zamani, aliwasikia wakicheka barabarani, akamsikia Solange akiita "Ningojeni!" na sauti ya kiume ikijibu "Tupo, mama, tupo!" Sasa kulikuwa kimya. Firmin alimenya tufaha, hakulila.

Ndipo bunduki zikalia. Moja, kisha mbili kwa mpigo, na mbwa wakaanza kupiga kelele. Firmin aliinua kichwa. Sauti haikutoka ng'ambo ya mto, wawindaji walikofungulia msimu tangu enzi za babu yake. Ilitoka juu, upande wetu.

Alitoka uani. Jirani yake Albertine, mjane mwenye ulimi kuliko kengele ya kanisa, alikuwa anawatupia kuku mahindi.

"Albertine! Hizo bunduki za wapi?"

"Za Norbert, za nani tena? Leo wameanzia Combe-Noire."

"Lakini huwa wanaanzia ng'ambo ya mto!"

"Mwaka huu hapana. Nguruwe mwitu wamemaliza mashamba yote ya huku. Wewe Firmin unaishi wapi, mwezini? Norbert kapita na trekta kufyeka Njia ya Nyumbu, wapate pa kupita na bunduki zao. Kelele, kelele, mpaka kuku wangu wakasusa kutaga!"

"Wameifyeka?"

"Nyeupe pe, kama meza. Mbona umekuwa hivyo? Umekula nini?"

Hakukuwa na michongoma. Hakukuwa na kitu cha kuwazuia. Watu wamefuata mshale kwenye njia safi, wanapanda kwa raha zao, moja kwa moja mbele ya mitutu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na huyo binadamu ana kofia nyeupe na baiskeli ya betri.

Aliishusha baiskeli bandani. Tairi zilikuwa nusu upepo, hakujaza. Hakuvaa viatu. Alipita mbele ya Albertine na ndara zake, na Albertine akapaza sauti, "Ee, mzee kachanganyikiwa!" na kuku wakatawanyika.

Kwenye njia panda mshale ulikuwa vilevile alivyouacha, na ardhi imejaa alama za tairi, zote za kulia. Firmin akakata kulia. Kilima kile alikipanda ujana wake akipiga mluzi, sasa kilimlazimu kusimama juu ya pedali. Ndara ya kushoto ikawa inateleza kwenye pedali. Bunduki ililia tena, karibu zaidi, ikafuatiwa na sauti ndefu ya baragumu, kisha kila kitu kikanyamaza, hata mbwa. Ukimya huo ndio uliomtisha.

"Solange!" aliita. Pumzi ikaisha, akaita tena bila sauti.

Na njiani pale Firmin Bouyssou, ambaye misa alikwenda siku ya Pasaka tu, aliomba. Hakuomba asigundulike. Alisema: Mungu, mpe Thibaud mke wangu. Awe wake, waende wote Alhamisi na Ijumaa na siku zote, amtoe miiba mpaka mwisho wa dunia. Ila awe hai. Alisema hivyo kwa moyo wake wote, na ilimuuma hivyohivyo akisema.

Njia ilipinda, msitu ukafunguka, akaona kikanisa kisicho na paa, na mbele yake vizibao vya rangi ya machungwa vya wawindaji. Baiskeli zilikuwa zimeegemezwa kila mahali, kwenye ukuta, kwenye mialoni, kwenye gari la Norbert. Kulikuwa na meza ya mbao. Juu yake palikuwa na soseji kavu, jibini, mkate, chupa za divai. Wawindaji na waendeshaji walikuwa wamechanganyika, wanakata nyama kwa visu vyao, na Mholanzi mmoja alikuwa anapigwa picha na mbwa.

"Huyo naye!" Norbert alinguruma. "Karibu, mwokaji! Umekuja kuona maiti? Hakuna! Nina dume la nguruwe mbele yangu, kubwa kama kabati, nimelilenga, nashusha pumzi. Ghafla anatoka nani? Mtu wa Toulouse, suruali imembana mpaka naona anachofikiri! Nikapiga baragumu mpaka meno yakatikisika. Nguruwe kaenda zake anacheka."

Watu walicheka, lakini wengine walikuwa bado weupe usoni. Firmin alikuwa anatafuta. Akamwona. Solange alikaa kwenye kizingiti cha kikanisa, kikombe mkononi, mzima, hata mkwaruzo hana. Alikuwa anamtazama mumewe, kisha ndara, kisha mumewe tena.

Thibaud alisimama. Uso wake ulikuwa mzito, wala hakuwa mtu wa uso mzito. "Nataka kusema jambo. Mshale wangu ulielekea bondeni. Niliupigilia kwa mikono yangu jana jioni, kama tulivyokubaliana na Norbert. Kuna mtu kaugeuza, na nilipofika pale wa mbele walikwishapanda, ikabidi tuwakimbilie."

"Mtu huyo nikimpata," Norbert alisema, "nampiga bunduki ya chembe za chumvi matakoni, na leseni wanichukue."

Kicheko hakikutokea. Mmoja baada ya mwingine watu waligeuka, na macho yote yakatua kwa mzee aliyesimama katikati ya baiskeli, anahema, amevaa ndara za nyumbani. Firmin alifungua kinywa. Alikuwa tayari kusema. Nina hakika alikuwa tayari, maana hakuwa mwoga. Neno lilikuwa limefika kwenye meno.

"Mnaangalia nini?" Solange alisema. Aliweka kikombe chini na kuinuka, mkono kwenye goti. "Ni yeye. Ni mume wangu kaugeuza. Hamwoni?"

Akaja mpaka mbele yake. Macho yake yalikuwa na maji, na Firmin alijiandaa kwa kofi.

"Nilipoona mshale unakata huku, moyo uliruka," alisema. "Nikajisemea, haiwezekani. Thibaud haijui hii. Ni mtu mmoja tu angenileta hapa." Akawageukia wengine. "Alinipandisha njia hii kiangazi kile kabla hatujaoana. Mimi nimekaa kwenye chuma cha mbele cha baiskeli yake, nimeshika usukani, naogopa kufa. Tukafika hapa hapa. Tukalala kwenye nyasi mle ndani, tunaangalia mbingu pasipo na paa. Nikamwambia, utanileta tena? Akasema, mwakani. Halafu tukafungua duka." Akacheka huku anajifuta. "Mwakani! Ndiyo leo imefika. Umesikia wameifyeka, ukashindwa kuniambia kwa mdomo, si ndiyo? Wewe na kiburi chako. Ukaniambia kwa mshale."

"Kha!" alisema Norbert. "Angetuua watu kwa mapenzi yake, mpumbavu huyu!" Lakini hasira ilikuwa imekwisha kumtoka, na alikuwa tayari anamimina divai kwenye glasi nyingine. "Siku nyingine mnunulie maua, bwana! Maua hayapigwi risasi." Mtu fulani akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata. Thibaud alivua kofia, akainamisha kichwa kidogo mbele ya Firmin, bila kejeli hata chembe, kama mtu aliyeshindwa kihalali.

Firmin alikuwa anatafuta kichwani. Alitafuta kwa nguvu, alipekua kiangazi baada ya kiangazi. Njia ya Nyumbu aliikumbuka: spoku iliyokatika, gurudumu lililopinda, kurudi kwa miguu baiskeli begani huku anatukana. Alikumbuka hata joto la siku ile. Msichana hakumkumbuka. Nyasi hakuzikumbuka, wala mbingu, wala neno mwakani.

"Unakumbuka?" Solange aliuliza kwa sauti ya chini, ya wao wawili.

Bado angeweza kusema ukweli. Uso wa mkewe ulikuwa karibu, mashavu mekundu, nywele zimelowa jasho, na safari hii sura ile ilikuwa imesababishwa naye.

"Nakumbuka," alisema.

Solange akaweka mkono nyuma ya shingo yake iliyolowa, akaegemeza paji la uso begani kwake, mbele ya watu wote. Hakuwa amefanya hivyo tangu wafungue duka. Firmin alimkumbatia, akashukuru kwamba yuko hai, akangoja furaha ije. Haikuja, kwa sababu haikuwa yake. Ilikuwa ya yule mwanamume wa kwenye hadithi ya Solange, aliyeishika ahadi ya kiangazi kile maisha yake yote, akaamka alfajiri kwa ajili ya mapenzi, akageuza mshale. Thibaud angalau anaonekana. Ana ndevu, ana kinu, mtu anaweza kumfungia mlango. Huyu mwingine alikuwa amekwisha kuingia ndani, angekula naye meza moja na kulala naye kitanda kimoja, na Firmin, akiwa amesimama pale na ndara zake, mkewe kifuani, alimwonea wivu kuliko alivyowahi kumwonea mtu yeyote.